Upande wa Birika

Kijiwe chenyewe ni mlango. Usicheke. Ni mlango kweli, wa mbao nene, uling'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa ukaja kulazwa juu ya madebe mawili ya rangi mbele ya karakana ya kuziba pancha, na tangu siku hiyo haujafunguliwa wala kufungwa, unakaliwa tu. Kitasa bado kipo, kimechomoza kama pua, na ndipo Mzee Ushahidi anapotundika kofia yake. Kushoto kuna ukuta, kivuli, jiko la mkaa na birika la kahawa lenye tumbo la mwenye duka. Kulia kuna barabara na jua. Sasa wewe mwenye akili niambie, watu wanne wakiketi hapo wataegemea wapi? Mwenye karakana ni Kishindo, kijana aliyeacha shule mapema kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, shule ilishindwa kwenda na kasi yake. Asubuhi hiyo Kishindo alikuwa na jambo, na jambo la Kishindo halijawahi kuwa dogo.

— Jumamosi nawapeleka mtoni, alisema, huku akizamisha tyubu ya baiskeli kwenye beseni ili aone inapotoa povu. Shangazi kapiga simu.

— Shangazi yupi? aliuliza Mzee Ushahidi. Maana shangazi zako huzaliwa kila unapotaka kufunga karakana.

Mzee huyu alilinda mlango wa mahakama miaka mingi, hata sheria ikamwingia kwa upepo wa chini ya mlango. Hajawahi kutoa ushahidi mahali popote. Jina alipewa na kijiwe.

— Shangazi wa shamba, mzee wangu. Dada yake baba, mwenye ng'ombe na bustani za karoti kando ya mto. Siku hizi anapokea wageni. Ghala la mahindi kalipaka chokaa, kaweka vitanda na vyandarua, watu wanatoka mjini wanakwenda kulala mle. Asubuhi wanakamua ng'ombe. Mchana wanang'oa karoti. Alasiri wanapanda boti ya mpira, wanateremka mtoni kwenye mapovu mpaka darajani.

— Kwa kazi yote hiyo wanalipwa nini? aliuliza Bonge.

— Wanalipa wao.

Bonge akatoa pini mdomoni. Ni fundi cherehani, duka lake linapakana na karakana, na mwili wake ndio uliomfundisha kukata vitambaa kwa ukarimu.

— Rudia hapo mdogo wangu. Mtu anatoa hela yake ili akamue ng'ombe wa shangazi yako?

— Na anashukuru.

— Wahenga walikosea basi, Bonge akasema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu shangazi anampa siku ya kwanza, tena mlangoni, kabla hajatua begi.

— Wahenga hawakosei, alisema Mzee Ushahidi. Walisema mpe jembe. Hawakusema mpe bure.

Mama Birika akamimina kahawa. Yeye ndiye mwenye birika, na birika ndilo lenye kijiwe, kwa hiyo ukitafuta serikali ya pale umeshaipata.

— Maliza habari yako, Kishindo, alisema. Shangazi kapiga simu kusema nini?

Kishindo akafuta mikono kwenye suruali. Hapa ndipo penye roho yake, na hata sauti ilimshuka kidogo.

— Kanunua boti ya pili. Anataka nahodha wake. Kaniambia hivi: Jumamosi niletee wageni watatu wa majaribio, watu wazima, wabishi, wenye kulalamika. Ukiwateremsha mto wakafika wanacheka, boti ni yako kuiongoza. Wakifika wananuna, nampa mtoto wa jirani. Na nahodha wa boti ya kwanza atapita hapa leo kuchukua makoti ya kuelea sokoni. Atatutazama kama tunafaa.

— Wabishi wenye kulalamika, akarudia Bonge. Ukatufikiria sisi.

— Mlinijia kichwani wote watatu kwa mpigo.

Usimwone anacheka ukadhani ni mzaha. Mtaani kwao Kishindo ameambiwa apunguze sauti tangu alipojifunza kusema. Mama yake anamwambia, mwenye nyumba anamwambia, wateja wanamwambia huku wamejishika masikio. Kisha shangazi akamweleza kwamba mto ule unanguruma kiasi kwamba nahodha asiye na koo nene hasikiki na mtu aliyekaa mbele yake. Kishindo hakulala. Kumbe ipo kazi duniani ambayo mtu hulipwa kwa kupiga kelele, nayo ipo kwa shangazi yake mwenyewe.

— Na wewe mto unaujua? aliuliza Mama Birika.

— Mama, mimi na mto ule tumekua pamoja. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naushuka na tyubu moja tu. Ulikuwa ukiniona unapunguza mwendo. Wimbi moja liliwahi kunipiga kofi, kesho yake likaja kuomba radhi.

Ukweli ni kwamba tyubu ilikuwepo, na mto ulikuwepo, na katikati yake ilikuwepo kamba. Shangazi alimfunga kiunoni kama mbuzi wa maonyesho na ncha nyingine akaifunga kwenye mti. Kishindo aliujua mto ule vizuri sana, mpaka kamba ilipoishia.

— Mimi siendi, alisema Bonge. Si kwa woga. Ni ng'ombe. Ng'ombe aliyezoea wageni ameshaharibika. Mwenyewe akija na ndoo hatoi kitu, anageuza shingo kutazama yuko wapi wa kumpiga picha. Nilisikia mmoja hatoi maziwa mpaka mtu amwambie amependeza.

— Nani alikwambia?

— Mteja. Alikuja kupunguziwa suruali, alikonda kwa kumsifia ng'ombe.

— Ng'ombe ni kesi ndogo, akasema Mzee Ushahidi. Nyinyi tazameni jogoo.

— Jogoo niachie mimi, mzee, alidakia Mama Birika. Mjini jogoo wa jirani akiwika tunamtupia kandambili. Kule mtu analala anamsubiri, na kwenye maelezo wameandika utaamshwa na jogoo. Sasa jogoo mwenye akili zake atawika bure? Yule ana zamu. Akiumwa koo wanamwazima wa ng'ambo ya mto.

— Na mawe je? Mzee Ushahidi akashusha kikombe, dalili kwamba shauri limeanza kusikilizwa. Mawe ya mto ule hayakai mahali pamoja. Usiku wanaume wa shamba huingia na kamba wakayahamisha. Ndiyo maana kila anayerudi anasema mto haukuwa kama alivyosimuliwa.

— Mawe makubwa kama nyumba, mzee wangu.

— Haba na haba, mwanangu, hujaza kibaba.

Bonge alitaka kuuliza kibaba kimeingiaje mtoni, akaona ataonekana hajasoma.

— Hata mto wenyewe si wa kuaminika, alisema badala yake. Mapovu yote yale yanatoka wapi? Nafua kila Jumapili, najua povu halitokei bila sabuni.

— Mto una koki, alisema Kishindo.

Wote wakamgeukia.

— Una nini?

— Koki. Huko juu, nyuma ya migomba. Asubuhi shangazi anaifungua, jioni anaifunga ili maji yapumzike. Mimi ndiye niliyemwonyesha ilipo.

Hapo hata Mama Birika alisahau kumimina. Mzee Ushahidi alimtazama kijana kwa heshima ambayo hajawahi kumpa mtu mkweli.

— Kama kuna koki, akasema polepole, basi kesi inabadilika. Kitu chenye koki kina mwenyewe. Nitakwenda. Ila nitakwenda na koti langu hili na viatu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sasa mimi sivui. Mtu asiyevua nguo, maji hayana madai juu yake.

— Na ukianguka?

— Mfa maji haishi kutapatapa. Maana yake kutapatapa ndiko kuogelea kwenyewe. Nitatapatapa mpaka darajani.

Kishindo aliona mlango umefunguka, na kwa kijiwe kile hilo lilikuwa jambo la kwanza la aina yake. Akamgeukia Bonge.

— Kaka, usipokuja boti itakuwa nyepesi, tutapeperushwa kama karatasi. Wewe ndiye nanga yetu. Na kule chakula kinatoka bustanini moja kwa moja kwenye sufuria. Karoti haijui hata kama imeng'olewa.

— Sufuria za ukubwa gani? aliuliza Bonge.

— Zile za kuogeshea watoto.

— Nitafikiria, alisema Bonge, ambaye alikuwa ameshamaliza kufikiria.

— Mama?

— Mimi nimekaa mbele ya moto huu siku zote, watu wanakunywa wanaondoka, alisema Mama Birika. Sijawahi kuamka mahali ambapo mtu mwingine kanichemshia. Kama kule nitaamka nikute kikombe kimenisubiri, niteremsheni popote mnapotaka.

Akasema hivyo akiwa anafuta kikombe kilichokwisha kuwa kisafi, na kwa dakika hiyo hakuna aliyemtania.

Basi kwa kuwa nahodha wa shangazi angepita wakati wowote, Kishindo akaamua wafanye mazoezi, wakutwe wako tayari. Mlango ukawa boti. Yeye akakaa mbele, kaupanda kama farasi, mkononi mtaimbo wa kufungulia matairi. Nyuma yake Bonge, ameshika rula yake ndefu ya kupimia vitambaa. Akafuata Mzee Ushahidi na mwavuli. Mwishoni kabisa Mama Birika na ufagio.

— Nikisema piga, mnapiga. Nikisema shika, mnashika kamba.

— Kamba ipo wapi?

— Mshikane.

— Mimi nimshike nani? aliuliza Bonge. Mbele yangu ni wewe, na wewe huna pa kushika.

— Piga, alisema Kishindo.

Wakapiga. Mtaimbo ukapiga hewa ya kushoto, rula ikapiga hewa ya kushoto, mwavuli na ufagio vivyo hivyo, huko huko kwenye kivuli, huko huko harufu ya kahawa ilikokuwa ikipanda. Mlango ukalia kidogo.

— Mnasikia? Mto umetukubali. Piga.

— Jiwe mbele, alisema Mzee Ushahidi, ambaye alikuwa amefumba macho.

— Halipo, mzee.

— Usiku wamelihamishia hapa. Geuza.

— Mimi ndiye nahodha.

— Manahodha wengi, chombo huenda mrama, akajibu mzee. Na sisi tunautaka huo mrama, tuna haraka. Bonge, toa amri na wewe.

— Kulia, alisema Bonge, na akapiga kushoto.

— Ng'ombe huyo kando ya mto, alisema Mama Birika. Mwambieni kapendeza.

Sasa walikuwa wamekolea. Wapita njia walisimama, mwenye mkokoteni akasimama, na Kishindo koo lilikuwa limefunguka lote, sauti inagonga ukuta wa ng'ambo na kurudi, na kwa mara ya kwanza mtaa mzima haukumwambia apunguze. Piga, na wakapiga. Piga, na wakapiga. Kushoto, kushoto, kushoto. Kisha Bonge, katikati ya pigo, akakumbuka kikombe chake kilichokuwa karibu na birika na akakinyooshea mkono.

Mlango haukuvunjika. Afadhali ungevunjika, ungekuwa na kisingizio. Uliinuka tu upande wa jua, taratibu, kama mtu anayeaga, ukawamwaga wote wanne kivulini. Kishindo alishika kitasa, akabaki na kofia ya mzee. Mguu wa Bonge ukalifikia birika, na birika likalala chali likamwaga kila kilichokuwa tumboni.

Palipotulia, mbele yao palikuwa na viatu vya mpira vyenye tope lililokauka, tope la rangi ambayo mtaa ule hauna. Mwenye viatu alikuwa dada mmoja mwembamba, kabeba begani furushi la makoti ya rangi ya karoti, yamefungwa kwa kamba.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, alijibu Mzee Ushahidi kutoka chini ya Bonge.

— Kahawa ipo?

— Ilikuwepo, alisema Mama Birika. Hiyo unayoikanyaga ndiyo ya mwisho.

Dada akasogeza mguu kwa adabu.

— Subiri pembeni kidogo dada, alisema Kishindo, akijipangusa. Tuna shughuli. Tunamsubiri nahodha.

— Nahodha yupi?

— Wa boti ya shangazi yangu. Jamaa mmoja mkubwa, ana ndevu hivi.

— Unamfahamu?

— Namfahamu? Tumeteremka naye mto mara nyingi. Mpaka ananiuliza mimi njia.

Dada akatua furushi juu ya kile kilichokuwa mlango, kisha kijiwe, kisha boti.

— Shangazi yako anakusalimu, alisema. Kanituma nichukue makoti, nikutazame.

Bonge alijikuta anamwondokea mzee juu ya tumbo kwa upole wa ajabu. Kishindo alitazama ile kofia mkononi mwake kana kwamba ndani yake mna jibu.

— Umeanza kututazama lini? aliuliza hatimaye.

— Tangu jiwe lilipohamishwa. Akawatazama mmoja mmoja bila kucheka, ingawa ilionekana imemgharimu. Naomba kuuliza tu, maana labda ni mtindo wa mjini. Mbona nyote mlikuwa mnapiga upande mmoja?

Mzee Ushahidi akafungua mdomo. Methali zote alizowahi kuzikosea zikapita mbele yake, hata moja haikusimama. Bonge alitazama kiganja chake cha kulia, kisha cha kushoto, kama aliyepewa viwili kwa mara ya kwanza. Mama Birika akaliinua birika, akalitikisa, likajibu utupu. Na Kishindo, aliyejua mahali koki ya mto ilipo, hakujua.

Kahawa ndiyo iliyokuwa na pa kwenda. Ilishuka kutoka ukutani, ikatafuta njia kati ya kokoto, ikashika mfereji mdogo wa mbele ya karakana. Njiti ya kiberiti ilikuwa imeelea juu yake. Wote watano waliitazama njiti ile ikifika kwenye kona ya kwanza, ikipinda bila kugusa, ikafika ya pili, ikapinda tena, ikapotelea chini ya barabara.

— Je, wageni mnakuja au mmeghairi? aliuliza dada.

— Dada yangu, sisi kuzama tumeshazama, alisema Bonge. Kilichobaki ni kufika.

— Jogoo yupo kweli? aliuliza Mama Birika.

— Yupo, mama. Ila anachelewa kuamka. Mimi ndiye ninayewasha moto wa chai, na yeye anaamshwa na moshi.

— Basi nakuja, alisema Mama Birika. Kikombe changu kiwe kikubwa.

Hapo dada akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyezoea kucheka karibu na maji mengi, kilisikika mpaka kwa mwenye mkokoteni. Kishindo alikisikia, akajua mara moja kwamba koo lile nalo liliwahi kuambiwa lipunguze.

Dada akafungua kamba. Akawagawia makoti matatu, la Bonge akaliunganisha na mkanda wa ziada. La nne halikuwa kama mengine, lilikuwa na filimbi shingoni. Halikumwendea mtu. Wakaurudisha mlango juu ya madebe, naye akalitundika koti lile kwenye kitasa.

— Jumamosi, alisema, atakayekuwa na jibu la swali langu ndiye alivae.

Akabeba furushi lililobaki, akaaga kwa heshima, akaenda na tope lake la ugenini.

Walibaki wanautazama mlango. Hakukuwa na kahawa ya kuwaketisha, na hakukuwa na aliyetaka kuondoka. Kishindo aliinyooshea mkono filimbi, akaurudisha.

— Bonge, alisema, kaa huku.

Alisema kwa sauti ndogo, ile ambayo mama yake amekuwa akiiomba tangu azaliwe, na labda ndiyo sababu Bonge alitii bila kubisha.

— Huku kuna jua, mdogo wangu.

— Jua halijawahi kumzamisha mtu. Mzee, wewe kule, ukutani. Mama, nyuma ya Bonge. Mimi nyuma ya mzee.

— Nahodha anakaa nyuma? aliuliza Mzee Ushahidi.

— Nikikaa mbele siwaoni.

Wakaketi. Wawili juani, wawili kivulini. Bonge akajinyonganyonga ili kupata pa kuweka uzito wake, na kila mtu akasubiri mlango ulie. Haukulia. Rula ikaingia hewani kulia, mwavuli ukaingia kushoto, ufagio kulia, mtaimbo kushoto, bila mtu kusema piga.

— Mbona hautikisiki? alinong'ona Bonge.

— Nyamaza, alisema Mama Birika, akiwa ameliweka birika tupu mapajani kama mtoto. Tunakwenda.